Mashine Iliyolala Juani

Mwaka ule jua lilirudi mapema, na badala ya kufurahi nikawa mtu wa kuamka asubuhi na kuomba mawingu.

Sisi ni wakulima wa nyanya, mimi na mume wangu Torolf, hapa Närpes, mji mdogo wa pwani huku kaskazini kwenye theluji, ambako ukitupa jiwe bila kuangalia utavunja kioo cha kitalu cha mtu. Tuna vitalu viwili vya vioo, cha mashariki na cha magharibi. Kila kimoja kina kompyuta yake, na hiyo ndiyo inayoamua taa ziwake lini, maji ya moto yapite lini kwenye mabomba, na madirisha ya paani yafunguke lini. Wakati wa giza la baridi taa huwaka karibu mchana kutwa. Jua likianza kupata nguvu, kompyuta inazizima, na joto likizidi inafungua madirisha. Binadamu anabaki na kazi ya kupogoa majani, kuviringisha mashina kwenye kamba, na kuwatazama wale nyuki wanene wenye manyoya tunaowanunua kwa maboksi ili watuchavushie maua.

Siku jua lilipotoka kwa mara ya kwanza, mwishoni mwa Februari, nilikuwa kwenye chumba cha kupakia. Theluji nje ilimeremeta hadi macho yakauma. Mlango ukafunguliwa kwa kishindo, Mevlida akaingia bila koti.

"Gunnel! Magharibi kunaungua!"

"Moto?"

"Joto! Njoo, acha hayo maboksi!"

Mevlida alikuja Närpes kutoka Bosnia akiwa msichana, na amefanya kazi kwetu tangu wanangu wakiwa chekechea. Kitalu cha magharibi ni chetu kwa karatasi tu. Mwenyewe hasa ni yeye. Anajua mstari upi unapenda maji na upi unapenda kununa. Kwa hiyo nilipomwona anakimbia, nami nikakimbia.

Hewa ya mle ndani ilinipiga usoni kama mvuke wa sauna mtu anapomwagia mawe maji. Juu, madirisha yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza kufunguka, mota zikinguruma moja baada ya nyingine.

"Yalikuwa yamefungwa ndi," Mevlida alisema, akihema. "Nikaenda kwenye kile kibanda cha kompyuta, nikabonyeza kitufe nione kuna nini. Hata sijasoma neno, yakaanza kufunguka yenyewe."

Tukapita kati ya mistari. Maua yalikuwa yamenyauka, yamekunja shingo. Nyuki walikuwa wamelala chali kwenye plastiki nyeupe ya chini, miguu juu. Mevlida alichuchumaa, akamwokota mmoja, akampulizia. Hakusogea.

Torolf alipiga simu kwa kampuni ya mjini Vasa iliyotuwekea mfumo mpya msimu wa vuli. Wakaitazama kompyuta yetu kutoka huko huko kwa mtandao. Nzima kabisa, wakasema. Saa yake sahihi, vihisi vyake vinasoma, madirisha yanatii. Labda mtu aligusa kitu.

Hilo neno, "labda mtu aligusa kitu," lilikaa kwetu kama mgeni asiyeaga.

Kukawa na mawingu siku kadhaa, na kila kitu kikaenda sawa. Kisha jua likatoka tena, na magharibi kukaungua tena, na aliyekuta hali hiyo ni Mevlida tena, na alipogusa tu kibodi madirisha yakafunguka. Mara ya tatu ilikuwa hivyo hivyo. Kitalu cha mashariki, ambacho Torolf anakisimamia mwenyewe, hakikupatwa na chochote. Kompyuta ni pacha, mfumo ni uleule, jua ni lilelile.

Torolf si mtu mbaya. Lakini ni mtu ambaye akikosa usingizi hutafuta mwingine wa kumkosesha. Asubuhi moja, wakati wa kahawa, wafanyakazi wote wakiwa mezani na mikate ya iliki mikononi, akaweka simu yake katikati ya meza.

"Kampuni wamenitumia kumbukumbu za mashine," alisema. "Taa zimezimwa asubuhi. Halafu kimya. Halafu Mevlida kabonyeza kitufe, madirisha yakafunguka. Mara zote tatu. Mevlida, Mevlida, Mevlida."

Mevlida aliweka kikombe chini polepole.

"Sema unachotaka kusema, bosi."

"Nasema mashariki hakuna Mevlida, na mashariki hakuna tatizo."

"Anayekuta moto siye anayeuwasha."

"Basi nieleze wewe! Unaizima asubuhi, unakwenda zako kwenye simu, ukikumbuka unaiwasha?"

"Torolf, nyamaza," nikasema.

"Mwache amalize," Mevlida alisema. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Mimi nimezika nyuki mikono mitupu, halafu unaniuliza habari ya simu? Miaka yote hii hukuwahi kunikuta nimekaa hata kwenye ndoo iliyopinduliwa." Akavua glavu zake za kupogolea, akaziweka juu ya simu ya Torolf kama mtu anayefunika maiti. "Tafuta wa kukulindia hiyo mashine. Mimi nilikuwa nalinda nyanya."

Akaondoka. Tulisikia gari lake likikataa kuwaka, kisha likawaka.

Sikuzungumza na mume wangu hadi jioni, na nilipozungumza nilimwambia jambo moja tu: kwamba kampuni ilete mtu, mtu wa mwili na damu, siyo sauti ya simu.

Wakamleta Ragni.

Ragni Holmqvist alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, kucha ameziguguna hadi nyama. Hakuweza kukaa. Nilimkaribisha kiti jikoni, akakikalia kama mtu anayesubiri kuitwa. Goti lake lilikuwa linaruka chini ya meza hadi vijiko vikagongana kwenye visahani.

"Samahani," akasema, akalishika goti kwa mkono. Muda si muda likaanza tena.

"Wewe ndiye fundi wa kompyuta?" Torolf akamuuliza.

"Mimi nashughulika na kiini cha mfumo. Ile programu ya chini kabisa, inayogawa kazi na kuamua nani afanye nini na saa ngapi. Nyingine zote zimepanda mgongoni kwake."

"Na hicho kiini ni kizima?"

"Kila nikikitazama kutoka Vasa, kizima kama ndama. Hilo ndilo linaloninyima raha. Ningekikuta kibovu ningelala vizuri."

Siku ya kwanza alishuku saa. Alisema mashine ikikosea saa, itadhani bado ni usiku na haitafungua madirisha. Akaweka simu yake kando ya skrini, akalinganisha. Zilikwenda pamoja kama farasi wawili wa mkokoteni mmoja. Akaondoa wazo hilo.

Halafu akashuku kompyuta yenyewe. Akaing'oa, akaweka mpya aliyokuja nayo kwenye gari. Siku iliyofuata jua lilitoka, naye akakaa kibandani tangu asubuhi, kompyuta yake ya mapajani imeunganishwa kwa waya, akiuliza mashine maswali bila kupumzika. Madirisha yakafunguka kwa wakati, yakafungwa kwa wakati. Alikaa hadi jua linazama. Hakuna kitu.

"Umeshaponya," Torolf alimwambia.

"Sijafanya lolote," Ragni akajibu, na akasema kwa hasira, kana kwamba mtu amemtukana.

Alirudi Vasa. Kesho yake magharibi kukaungua. Safari hii niliyekuta hali hiyo ni mimi, kwa sababu Mevlida hakuwepo. Niliingia kibandani, nikagusa kitufe kimoja, na juu yangu mota zikaanza kunguruma.

Nilisimama pale nikitokwa na jasho na nikacheka peke yangu kicheko kibaya. Kisha nikaenda kumtafuta Torolf.

"Andika jina langu kwenye kumbukumbu zako," nikamwambia. "Gunnel. Sasa utanifukuza na mimi?"

Alikwenda kusimama mlangoni mwa magharibi, kofia mkononi, kwa muda mrefu. Lakini hakwenda kwa Mevlida. Alisema kwanza ajue ni nini. Nilijua maana yake: alitaka kwenda na sababu mkononi, maana kwenda mikono mitupu kulimwogopesha.

Ragni alifika kabla ya saa sita, bila hata kupigiwa simu mara ya pili. Safari hii hakwenda kwenye kompyuta. Alizunguka. Alitembea magharibi, akatembea mashariki, akarudi magharibi, akipima kila kitu kwa macho, mimi nikimfuata nyuma.

"Mama Gunnel," akaniambia, "mara zote umegusa kitufe ndipo ikaamka. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Na mimi nilipokuwa namuuliza huyu mashine maswali kutwa nzima, hakulala. Na wenzangu wakimtazama kutoka Vasa, hakulala. Umewahi kuwa na mtoto anayesinzia darasani? Mwalimu akiita jina lake, anasema 'nipo!' na macho yako wazi. Mwalimu anaandika: hajasinzia."

"Kwa hiyo analala."

"Nadhani analala tukimwacha peke yake. Lakini kulala si kosa. Wote wanalala. Kichakataji, yaani ubongo wa kompyuta, kikikosa kazi kinapewa ruhusa kulala, kupunguza umeme. Kabla hakijalala, kiini kinatega kengele: niamshe baada ya muda fulani, nisome vipimajoto. Kengele inalia, kinaamka, kinasoma, kinalala tena." Akasimama ghafla katikati ya njia. "Na kwa nini mashariki anaamka?"

Tukaingia mashariki. Akapanda ngazi, akafuata waya mmoja mmoja kwa kidole kutoka kibandani kwenda ukutani, kutoka ukutani kwenda paani, akinitajia kila kimoja kama anayehesabu jamaa msibani: kipimajoto, kipimajoto, unyevu, mota. Kisha akanyamaza.

"Na huu?"

"Huo ni wa ile pangaboi ya kupimia upepo juu ya paa," nikasema. "Ya zamani. Torolf aliivuta kutoka kitalu cha baba yake. Magharibi hatukuweka, tulisema moja inatosha."

"Inazunguka muda wote?"

"Hapa Närpes? Upepo ukisimama hapa, watu wanatoka nje kuuliza kuna nini."

Ragni alishuka ngazi akiruka vidato. Alinishika mabega yote mawili, mtu niliyemfahamu kwa siku chache tu.

"Inamgutua," alisema. "Kila mzunguko inatuma alama, na kila alama inamgutua. Wakati wa giza, vipimo vya umeme wa taa vinawagutua wote wawili, mfululizo. Jua likitoka taa zinazimwa, pote kunakuwa kimya. Magharibi anabaki na kengele yake peke yake. Mashariki ana kengele na pangaboi. Mama Gunnel, hakuna aliye mzima hapa. Wote wawili wana kengele mbovu. Mmoja ana jirani mwenye kelele."

Alitaka kuthibitisha. Na njia ya kuthibitisha ilikuwa moja: kuuchomoa waya wa upepo mashariki, siku ya jua, na kuiacha mashine peke yake. Ikilala, ndiyo hiyo.

Torolf aliposikia aliinuka kutoka mezani.

"Hapana. Magharibi nimepoteza vishada vitatu vya kwanza, kila mstari. Unataka na mashariki?"

"Nataka kujua," Ragni alisema.

"Kajulie kwako!"

"Kwangu ofisini haitokei. Nilijaribu hata kabla sijaja huku. Ofisini kuna mtandao, kuna kipanya cha kompyuta, kuna watu, kila kitu kinamgusa. Hakuna mahali pa upweke kama kitalu chako wakati wa jua."

"Binti, hizo ni nyanya, siyo majaribio ya shule."

Nikasema, "Chomoa."

Torolf alinigeukia.

"Nusu ya kitalu hicho ni yangu," nikasema. "Basi chomoa nusu yangu. Kama mashine ikilala na Mevlida yuko kwake Kaskö anakunywa kahawa, utajua ulimfanyia nini. Kama haikulala, nitakwenda mimi kumwambia asirudi."

Kisha akavaa kofia yake, akatoka nje kutazama anga. Ilikuwa buluu pote, hakuna hata uzi wa wingu.

Kesho yake, kabla jua halijapanda, Ragni alifunga taa ndogo ya kijani ukutani mwa kibanda, akaandika kitu kwenye kiini, akatuambia: kila mara mashine inapoamka, taa itapepesa mara moja. Akauchomoa waya wa upepo. Akachomoa kibodi yenyewe, akachomoa mtandao. Akafunga mlango wa kibanda, tukasimama nje watatu, tukitazama kupitia kioo.

"Sasa," akasema, "tusimguse."

Taa ilipepesa. Ikakaa. Ikapepesa. Juu, taa za kitalu zilizimika safu moja moja, kutoka mwisho hadi mwanzo, na mwanga mweupe wa jua ukabaki peke yake. Madirisha yalikuwa yamefungwa. Hewa ilikuwa nzuri, ya asubuhi.

Sijawahi kuona mtu akiteseka kwa kusimama kama Ragni siku ile. Alitia mikono mifukoni, akaitoa. Akaikunja kifuani. Akaguguna kidole gumba, akakosa ukucha, akaguguna ngozi. Mara moja mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kitasa cha mlango, nikaupiga kofi jepesi kama ninavyompiga mjukuu karibu na jiko.

"Asante," akanong'ona.

Torolf hakuwa bora. Alikwenda hatua chache, akarudi, akakwenda, akarudi. Alitazama kipimajoto cha kioo kinachoning'inia kwenye nguzo, kile cha zamani kisichohitaji umeme.

"Kimepanda," alisema.

"Bado ni sawa," nikasema.

Taa ikapepesa. Tukasubiri. Tukasubiri tena.

"Haikupepesa," Ragni alisema.

"Labda tumepitwa."

"Hatukupitwa."

Taa ile ya kijani ilikuwa kama jicho lililofumbwa. Mle kibandani skrini ilionyesha picha ileile, namba zilezile za joto, zimeganda. Na kwenye nguzo zebaki ilikuwa inapanda. Majani ya juu yakaanza kulegea. Nyuki mmoja alipita karibu na sikio langu, akizunguka bila mpango.

"Yatosha!" Torolf alisema. "Umeona. Fungua."

"Kidogo tu."

"Kidogo mpaka lini? Maua haya yana wiki moja!"

"Nikifungua sasa utasema ingeamka yenyewe. Kampuni watasema ingeamka yenyewe. Nataka nione kama ataamka bila mtu." Sauti yake ilikuwa imepasuka. "Nami naumia, mzee. Kidogo tu."

Torolf alinyoosha mkono kwenye mlango. Nikauegemea mlango kwa mgongo wangu. Jasho lilitiririka kutoka kwenye kofia yake hadi kwenye ndevu, na nikaona macho yake hayapo kwangu tena, yameganda kwenye ile taa iliyozima. Polepole mkono wake ukashuka.

"Mevlida," alisema, kwa sauti ya chini kabisa.

Hapo ndipo Ragni alipogeuka, akakimbilia ukutani, akaushika waya wa upepo, akauchomeka. Huko paani pangaboi ilikuwa ikizunguka muda wote bila kusikilizwa na mtu. Papo hapo taa ya kijani ikapepesa, ikapepesa tena, namba kwenye skrini zikaruka juu kwa mkupuo mmoja, na juu ya vichwa vyetu mota zikanguruma. Madirisha yakafunguka kama mbawa. Baridi ya Machi ikatushukia na chembe za theluji ndani yake.

Ragni alikaa chini. Alikaa sakafuni kabisa, kwenye plastiki, mgongo kwenye mlango, na goti lake lilikuwa limetulia.

Baadaye, jikoni, alitueleza kwa vikombe. Ndani ya kichakataji kuna vitu viwili vya wakati. Kimoja ni saa, kinahesabu tu, na hicho hakikukosea hata kidogo. Ndiyo maana kila aliyeitazama saa aliridhika, yeye akiwa wa kwanza. Cha pili ni kipima muda, ile kengele. Katika aina hii ya kichakataji kengele iko chumba kimoja na mlalaji. Usingizi ukiwa mwepesi, inalia. Usingizi ukiwa mzito, umeme wa chumba kizima unakatwa, na kengele inakatwa pamoja na aliyeitega.

"Ni sawa na mtu kutega saa ya kumwamsha halafu saa yenyewe nayo inalala," nikasema.

"Ndiyo hivyo. Wengine kengele zao haziguswi na usingizi, na kiini chetu kipya kiliambiwa hiki nacho ni cha aina hiyo. Siyo." Akachukua kikombe cha tatu, akakiweka mbali na viwili vya kwanza. "Lakini kwenye ubao huo huo, nje ya kichakataji, kuna kipima muda kingine, cha polepole, kisicholala. Nitakiambia kiini: kabla ya usingizi mzito, usiamini kengele ya chumbani. Mpe aliye nje akuamshe."

Alifanya hivyo mchana ule. Siku iliyofuata jua lilikuwa kali kuliko yote, tukauchomoa tena waya wa upepo, tukasimama tena nje ya kioo. Taa ikapepesa, ikapepesa, ikapepesa, na madirisha yakafunguka, mashariki na magharibi, hakuna aliyegusa kitu. Ragni alibaki kuitazama hadi saa tisa, hakuamini.

Jioni Torolf alivaa shati safi. Tulikwenda Kaskö pamoja. Mevlida alitufungulia, akatukalisha, akachemsha kahawa katika kile chombo chake cha shaba, akatumiminia. Torolf alieleza habari yote, kengele, chumba, usingizi, akichanganya mambo. Mevlida alimsikiliza hadi mwisho.

"Sasa nimeijua mashine," alisema. "Habari yako wewe sijaisikia."

"Nilikosea."

"Uliniambia mbele ya watu, vikombe mikononi. Hapa kuna watu gani? Gunnel? Gunnel alijua." Akamsogezea bakuli la sukari. "Njoo useme mbele ya vikombe vilevile."

Basi kesho yake Mevlida alikuja wakati wa kahawa, akasimama mlangoni na koti lake, hakukaa. Torolf aliinuka. Hajawahi kuwa msemaji. Hata kwenye harusi yetu alizungumza baba yangu kwa niaba yake.

"Mashine ililala," alisema. "Mevlida hakulala. Mimi ndiye niliyesema uongo juu yake, na niliusema hapa. Naomba radhi hapa."

Mmoja wa wafungaji maboksi akasema, "Bosi, hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote uliyowahi kusema," na watu wakaangua kicheko. Mevlida hakucheka, lakini alivuta kiti.

"Nipeni mkate huo kabla hamjaumaliza," akasema. "Na nani alipogoa mstari wa sita? Nimepita nimeona. Alitumia meno?"

Mimi nilidhani yamekwisha. Nilipotoka nje nikamkuta Ragni ndani ya gari lake, mlango wazi, simu sikioni, na goti linaruka tena.

"Kaj anasema tusubiri Jumatatu," aliniambia alipokata. Kaj alikuwa mkubwa wake. "Anasema wapime kwanza, waandike, waidhinishe, halafu watume kwa wote."

"Wote ni wangapi?"

"Kila kitalu tulichobadilishia mfumo msimu wa vuli. Pwani nzima." Akatazama juu. "Na Jumamosi kuna jua."

Nikamwambia ashuke. Tukakubaliana hatutamngoja Kaj: yeye apite kitalu kwa kitalu akirekebisha, mimi niwaonye wenyewe. Tukakaa jikoni kwangu, yeye na simu yake, mimi na yangu. Hawa watu wote nawajua. Nimesoma nao, nimezika nao wazazi. Nilimpigia mmoja baada ya mwingine. "Kaa kwenye kompyuta yako Jumamosi, jua likitoka uwe unagusa kitufe kila baada ya muda mfupi, hadi Ragni akufikie." Wengine waliniuliza kama nimelewa. Wengine wakasema, "Gunnel, nami yalinipata wiki ile, nikamgombeza mwanangu."

Börje wa upande wa Pjelax hakutaka kusikia. "Yangu haijawahi kulala," alisema. "Nami sina muda wa kukaa nikibembeleza mashine."

Jumamosi kabla ya saa tano simu iliita. Ilikuwa Börje, na nyuma yake nilisikia mtu akipiga kelele na vyuma vikigongana. Walikuwa wanafungua madirisha kwa mkono.

"Gusa kitufe, Börje!" nikapaza sauti. "Kitufe chochote!"

Ragni, aliyekuwa jikoni kwangu tayari kwa safari, hakungoja nikate. Nilimwona kupitia dirishani akikimbia kwenye barafu na mikoba miwili, akateleza, akajishika kwenye kioo cha gari, na akaondoka kuelekea Pjelax hata kabla hajafunga mlango vizuri.